Habari ya Redio ya Kilimani na Silabi Iliyopotea

Wengi wenu mmepata kuiona redio kolu ikitumiwa katika zahanati, au katika kituo cha polisi, au ndani ya gari la wagonjwa, wala hamkuona kwayo jambo la kuuliza. Mtu hushika maikrofoni, hubonyeza kitufe, husema, huachia, kisha husikiliza. Mtoto wa miaka saba aweza kufanya hayo. Sisi nasi tulidhani hivyo, tena tulikuwa tukifundisha sayansi katika shule, na watu walituita kila mtambo ulipoharibika. Mwezi huu twataka kuwaeleza yanayotendeka katika nafasi iliyo kati ya kubonyeza na kusikika, kwa kuwa katika nafasi hiyo, mwaka 1989, ilipotea silabi moja, na silabi yenyewe ilikuwa "ha".

Kwanza tuseme mahali. Hospitali tunayoisimulia, ambayo jina lake hatutalitaja, imejengwa bondeni, kwa sababu waliotangulia walitafuta maji na kiwanja kilicho sawa, wala hawakufikiri habari za mawimbi. Nayo mawimbi ya redio za namna ile huenda karibu sawasawa na mwanga wa taa: mlima ukisimama mbele yake, hayapiti. Kwa hiyo mtambo wa kurushia uliwekwa juu ya kilima, ndani ya kibanda cha mabati, na mlingoti wa antena kando yake. Kutoka kibandani mpaka ofisi ya hospitali palivutwa waya juu ya nguzo, kama kilometa tatu, jozi moja tu ya nyuzi kama waya wa simu. Mezani kwa karani palikuwa na kisanduku chenye maikrofoni, spika, na taa nyekundu ndogo. Zahanati zilizotawanyika milimani zilikuwa na redio ndogo, kila moja na betri yake, nazo zilisikia kilima wala hazikusikia bonde.

Basi karani asemapo kule bondeni hutuma vitu viwili kwa waya mmoja. Cha kwanza ni sauti yake. Cha pili ni amri. Maana mtambo wa kilimani haukai ukirusha sikuzote. Ukirusha, hausikii, antena ni moja, na masafa ni yale yale, kama daraja jembamba lisilopitisha watu wa pande mbili kwa wakati mmoja. Tena hula betri sana. Yapasa ulale ukisikiliza, uamshwe kwa ajili ya maneno, kisha ulazwe tena mara maneno yakiisha. Kuamsha huku na kulaza huku ndiyo kazi ya kitufe.

Wenye lugha ya Kiingereza hulitaja jambo hili kwa neno lenye maana ya ufunguo, na asili yake ni kile kinyundo cha simu ya maandishi, ambacho kwa namna hiyo Morse alituma habari mwaka 1844 kutoka Washington mpaka Baltimore. Simu ya namna hiyo ilifika Unguja kwa waya wa baharini mwaka 1879. Katika simu ile ufunguo na neno vilikuwa kitu kimoja: ukibonyeza kwa kifupi ni nukta, ukibonyeza kwa kirefu ni mstari, na hapana neno lingine nje ya kubonyeza. Sauti ya mtu ilipoingia katika mitambo ndipo viwili hivyo vikatengana, ufunguo huku na neno huku, na hapo ndipo palipoanza uwezekano wa kimoja kumtangulia mwenzake.

Katika redio ya mkononi kutengana huko hakusumbui sana. Kitufe hugusanisha nyuzi mbili zilizo karibu, na umeme hufika kwenye rilei. Rilei ni waya mwembamba uliozungushwa juu ya kipande cha chuma. Umeme ukipita, chuma hugeuka sumaku, nacho huvuta ulimi wa chuma ulio mbele yake, na ulimi ule huihamisha antena kutoka upande wa kupokea mpaka upande wa kurusha. Ukiweka sikio karibu wausikia ukisema "tak". Muda wake ni mdogo kuliko kupepesa jicho.

Lakini kitufe kikiwa bondeni na rilei ikiwa kilimani, na kati yao pana jozi moja tu ya nyuzi ambayo imekwisha kazi yake kwa kuchukua sauti, amri ipite wapi? Kisanduku chetu cha kwanza kilijibu swali hili kwa njia ya kizamani. Sauti, ikiisha kugeuzwa kuwa umeme, hutetemeka huku na huku mamia ya mara kwa sekunde. Umeme wa betri hautetemeki, huenda upande mmoja tu. Transfoma hupitisha kinachotetemeka na kukizuia kisichotetemeka. Basi kitufe kikibonyezwa, betri ya bondeni husukuma miliampea chache katika waya ule ule, chini ya sauti, kama maji yaendayo chini ya mtumbwi. Na kule juu sauti hutolewa kwa transfoma, na miliampea zile huingia katika rilei. Ilikuwa njia ya haraka. Ulibonyeza na kusema papo hapo, nawe husikii kwamba pamepungua kitu. Kosa lake lilikuwa kutu. Umeme wa namna hiyo hutaka waya usiokatika hata kidogo, na maungio yetu kumi na mawili ya nguzoni yaliliwa na ukungu wa milimani mpaka miliampea hazikutosha. Katika masika ya 1988 tulipanda nguzo zile mara nyingi kuliko tulivyopanda madhabahuni kusoma somo, na mke wetu alisema hivyo mbele za wageni.

Mwezi wa Februari 1989 tulipewa kisanduku kipya kutoka Marekani, nasi ndio tuliokifunga, pamoja na fundi aliyekuja kwa siku mbili. Hiki hakikutuma umeme wa betri. Kilituma milio. Twaomba msomaji avumilie hapa, maana yote yaliyotupata yamo ndani ya hesabu hii.

Karani akibonyeza kitufe, kisanduku kwanza hupiga mluzi mwembamba wa mitetemo 2175 kwa sekunde, kwa nguvu nyingi, kwa muda wa sehemu 120 katika elfu za sekunde. Huo ni kama hodi. Mlinzi wa kilimani, yaani kile kipande cha mtambo kilichotengwa kusikiliza mlio huo tu, huamka na kujua kwamba amri inakuja. Mara huja mlio wa pili, wa nguvu ndogo kuliko ule mara kumi, kwa muda wa sehemu 40 katika elfu. Huu ndio amri yenyewe: ukiwa wa mitetemo 1950, maana yake ni kurusha kwa masafa ya kwanza, ukiwa wa 1850, ni masafa ya pili. Ndipo rilei hulia "tak", na antena huhama. Kisha ule mluzi wa 2175 hurudi, lakini sasa ni mnong'ono, nguvu yake ni sehemu moja tu ya elfu ya ile ya hodi, nao hukaa chini ya maneno ya karani muda wote anaposema, kama mguu uliowekwa mlangoni usijifunge. Akiachia kitufe, mnong'ono hukatika, nao mtambo hulala.

Sauti nayo ina safari yake. Hutoka maikrofoni ikiwa dhaifu, hukuzwa; hupita katika kidhibiti kinachomshusha apigaye kelele na kumpandisha anong'onaye, ili wote wawe sawa; huvuka transfoma na kuingia katika waya. Kilimani hukutana na chujio linaloondoa mitetemo 2175 peke yake, ili wasikilizaji wasisikie ule mnong'ono wa mlangoni. Chujio likihama kidogo kwa joto, utausikia nyuma ya maneno, mwembamba kama mbu. Baada ya chujio, sauti huyumbisha mawimbi, kilohezi tano huku na tano huku wala si zaidi, na kuyumba huko ndiko kunakogeuzwa tena kuwa sauti katika redio ya zahanati.

Sasa angalieni. Milio ile miwili ya kwanza inapopigwa, kisanduku hufunga njia ya maikrofoni. Hakina budi, kwa kuwa maneno yakichanganyika na hodi, mlinzi hataitambua. Mia na ishirini ukijumlisha na arobaini ni 160. Kwa muda wa sehemu 160 katika elfu za sekunde lolote asemalo karani haliendi popote. Halichelewi, halingoji zamu yake katika waya, halikuingia. Ongeza muda wa rilei, ongeza na muda wa redio ya zahanati, ambayo kwa kawaida hukaa kimya na kufungua spika yake baada tu ya kuyatambua mawimbi. Jumla yake yaweza kufika karibu robo ya sekunde. Mtu asemaye kwa haraka hutoa silabi moja, au moja na kitu, katika muda huo.

Fundi alitueleza haya. Tuliandika hesabu zote katika daftari, kwa wino, na mstari chini ya ile 160. Tulifurahi sana kuielewa. Karani wa redio alipotuuliza, "Mwalimu, hiki kipya chatumikaje?" tulimjibu, "Kama kile cha zamani, ndugu yangu. Bonyeza, sema, achia."

Hatukuona hatari, na hapa yafaa tuseme kwa nini hata wengine hawakuiona. Maongezi ya redio huanza kwa kuitana: "Zahanati, zahanati, hospitali hapa." Silabi ya kwanza ikipotea, nani atajali? Mtu akisikia "...hanati, zahanati" hujua kwamba yeye ndiye aitwaye. Madhara huja katikati ya mazungumzo, katika majibu mafupi, wakati watu wamekwisha kutambuana na kila mmoja ana haraka.

Usiku wa Aprili mwaka ule ule, mvua kubwa ikinyesha, mke wa ndugu yetu mdogo alikuwa zahanati ya kijijini kwetu katika uchungu tangu alfajiri, na mkunga aliona kwamba mtoto hapiti. Mkunga yule, ambaye sote tulimwita Mama, wazee kwa vijana, aliita hospitali saa 2 usiku kuomba gari. Sisi tulikuwa tumesimama nyuma yake na taa ya chemli mkononi. Karani alisema ngoja aulize. Tulingoja kama dakika kumi. Ndipo spika ikalia, na sauti ya karani ikaja safi, bila mikwaruzo, tukaisikia sote wanne tuliokuwamo:

"Tutakuja usiku huu. Ova."

Mama akajibu, "Tumesikia, ahsanteni sana. Ova." Kisha akaizima redio kutunza betri, maana ilikuwa imebaki kidogo.

Tulimchukua shemeji yetu kwa kitanda cha kamba mpaka kando ya barabara, mwendo wa robo saa, ili gari likifika lisikawie. Tulimkinga kwa miamvuli miwili na turubai la kahawa. Saa 3 ikapita, na saa 4. Kila ngurumo ilipolia ng'ambo tulidhani ni injini. Ndugu yetu alishuka mara mbili mpaka kwenye kona kutazama taa za gari. Saa 5 mtu mmoja akasema tumchukue kwa machela kwa njia ya juu, tukamkataza, tukisema gari likija tupishane nalo itakuwaje. Sisi ndio tuliokataza. Saa 7 usiku Mama akasema, "Mwalimu, hawaji hawa." Tukainua kitanda. Njia ya juu huzunguka mto na kuuvuka kwa daraja la miti, nasi tulifika hospitali saa 12 asubuhi. Daktari alimpasua papo hapo. Shemeji yetu alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, naye alikuwa amekwisha kufa.

Daktari hakutulaumu, aliuliza tu tulikuwa wapi usiku kucha. Alipoulizwa karani, alishangaa kabisa. "Tuliwaambia hatutakuja," alisema. "Mto ulijaa, daraja la barabara lilifunikwa. Tulijua mtampitisha njia ya juu kama mfanyavyo kila masika." Ndugu yetu akamwambia usoni kwamba ni mwongo. Sisi hatukusema neno, maana tulikuwa tumesikia kwa masikio yetu.

Tangu siku ile pakawa na uadui. Watu wa kijijini walisema karani alilala usingizi, kisha akatunga uongo. Watu wa hospitali walisema mkunga wetu ni mzee na masikio yake yamechoka. Mama alitaka kuacha kazi. Karani hakuweza kupita sokoni kwetu. Ilikuwa hivyo kwa muda wa majuma matatu, mpaka daktari alipoagiza vitabu vyote viwili vya redio viletwe mezani kwake, maana kila kituo huandika kila neno lipitalo na saa yake. Tuliitwa kwa kuwa tulikuwa shahidi. Cha hospitali kiliandikwa: "Saa 2.10 usiku, tumewaambia hatutakuja." Cha zahanati: "Saa 2.10 usiku, wamesema watakuja." Miandiko yote miwili ilikuwa ya watu watulivu, wino haukufutwa mahali, na dakika ilikuwa ile ile.

Tulivitazama vitabu vile kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa. Hatututakuja, tutakuja: tulizisema moyoni vibaya, tukarudia. Hatutakuja. Tutakuja. Kisha tukakumbuka ile 160 yenye mstari chini yake.

Hatukusema lolote pale. Tuliomba redio ndogo ya akiba, tukapanda mpaka nusu ya njia ya kilima, tukamwomba karani ahesabu kwa redio kama alivyozoea kusema, bila kujitayarisha. Tulisikia: "...ja, mbili, tatu." Tukamwomba tena. "...ja, mbili, tatu." Mara kumi, na mara tisa "mo" haikuwapo. Mara ya kumi alikohoa kwanza, na kikohozi ndicho kilichopotea, na "moja" ikafika nzima. Tuliketi juu ya jiwe. Hatuoni aibu kuandika kwamba tulilia.

Msomaji, fikiri kidogo habari ya lugha yetu. Mwingereza akitaka kusema kwamba haji, huanza kwa kujitaja nafsi yake, na ukanusho hufuata nyuma katikati ya maneno. Mtambo ukimla silabi ya kwanza, umemla nafsi, nayo yajulikana; ukanusho umepona. Sisi twatanguliza ukanusho. Katika "hatutakuja" hakuna alama nyingine ya kukataa isipokuwa ile "ha" ya mwanzo. Iondoe, na yaliyobaki ni ahadi kamili, isiyo na kilema chochote cha kumshtua msikilizaji. "Hakuna damu" huwa "kuna damu". "Hapana dawa" huwa "pana dawa". Ingekuwa "hatuji", ile "i" ya mwisho ingetuokoa, kwa kuwa "tuji" si neno la mtu. Na "msingoje" ikipoteza mwanzo bado ina "si" tumboni mwake. Lakini wakati ujao hauna kinga. Waliotengeneza kisanduku kile walifanya kazi yao vizuri, na nafasi ile waliijua, maana ndio walioipima. Hawakuwa na sababu ya kujua kwamba kuna lugha ambayo robo ya sekunde ya mwanzo hubeba neno zima la "la". Sisi tulikuwa na sababu. Tulijua mtambo, tulijua na lugha, wala hatukuviweka viwili hivyo pamoja juu ya meza moja mpaka vitabu vilipowekwa.

Tulikwenda kwa ndugu yetu kwanza, kabla ya daktari. Tulimweleza kwa hesabu, kisha kwa maneno matupu: karani hakudanganya, Mama hakusikia vibaya, na sisi ndio tuliofunga kisanduku na kumwambia karani aseme papo hapo. Alinyamaza sana. Baadaye aliuliza, "Kaka, na lile la kukataa tusitumie njia ya juu saa 5?" Tukasema, na hilo nalo. Shemeji yetu aliyasikiliza yote akiwa mlangoni. Alisema kwamba yafaa karani aitwe aje kula nyumbani, akaingia jikoni. Karani alikuja Jumapili ile, na ndugu yetu alimnawisha mikono.

Milio ile haiwezi kufupishwa. Mlinzi wa kilimani hutaka muda wake. Kwa hiyo tulibadilisha watu. Tulizunguka zahanati zote tukifundisha mambo machache tu: bonyeza, vuta pumzi, ndipo useme, tanguliza jina la kituo hata katika jibu la neno moja, jina lipotee badala ya neno, na mpokeaji arudie alichosikia kabla ya kusema ahsante. Laiti Mama angalisema, "Tumesikia mtakuja," karani angaliruka kitini. Juu ya hayo tulikataza habari ya kukataa isianze kwa kukataa. Isiwe "hatutakuja", iwe "gari limezuiliwa na mto, mleteni kwa njia ya juu". Wengine walinung'unika kwamba Mwalimu ameleta sarufi katika redio.

Tuliona pia makosa mengine ya mtambo ule katika miaka iliyofuata, nayo tutayapitia upesi. Mvua ilipoloweka waya, nguvu za milio zilipungua njiani. Hodi ilifika, maana ilikuwa na nguvu, lakini mnong'ono wa mlangoni haukufika, na mtambo uliamka ukasema nusu ya neno na kulala. Aliyejua hesabu alikwenda kutazama maungio, asiyejua alipiga kisanduku kofi. Tena kulikuwa na siku ambayo kitabu kizito cha hesabu kiliwekwa juu ya kitufe kwa bahati mbaya, na zahanati zote zikasikiliza mazungumzo ya ofisini juu ya deni la mbuzi wawili, wala hakuna aliyeweza kuwaonya, kwa kuwa mtambo urushao hausikii. Kwa ajili ya ajali kama hizo kilimani pana saa iliyotegwa dakika tatu. Ikifika, hukata mrusho wenyewe. Deni lenyewe lilikuwa la mtu anayejulikana, nalo lililipwa juma lile.

Siku hizi hospitali na zahanati huongea kwa simu za mkononi, na waya wa nguzoni ulikwisha ondolewa. Lakini redio kolu hazijaisha duniani. Polisi wanazo, wazima moto wanazo, na bandari na viwanja vya ndege. Na mahali pengi amri na sauti za meza ya karani sasa hupita katika intaneti mpaka kilimani, badala ya nyuzi mbili. Nafasi ile ya mwanzo ingalipo, kwa kuwa mtambo hutaka kuamka kwa njia yoyote iletayo amri. Redio nyingi mpya za kidijitali zaweza kutegwa zitoe mlio mfupi masikioni mwa msemaji, kumwambia kwamba njia imefunguka, sema sasa. Tulipousikia mlio huo mara ya kwanza katika redio ya askari mmoja kituoni, tulimwomba aubonyeze tena, naye alitutazama kama mtu atazamavyo mzee aliyepotea njia.

Karani yule amestaafu, naye hutupigia simu kila mwaka mwezi wa Aprili. Simu ya mkononi haina hodi ya kungojwa, na sauti yake ya kwanza hufika nzima. Hata hivyo tukiisha kupokea, kwanza pana kimya, kama pumzi moja. Kisha hulitaja jina la kituo chake cha zamani, mara mbili, ndipo atuamkie.